Mistari Inayojirudia

"Umeruka," shangazi alisema, akainua kidole kabla mpwa wake hajafika mwisho wa ukurasa.

"Sijaruka, shangazi. Nimesoma kama yalivyoandikwa."

"Basi yameandikwa vibaya. Soma tena, taratibu."

Alisoma tena kwenye kioo cha kompyuta. Shangazi alikaa upande wa pili wa meza, mkoba mapajani, macho kayafumba. Tangu moshi wa kiwandani uyaharibu, maandishi kwake yalikuwa ukungu mtupu. Alikuwa ameitwa ausikilize ushahidi wake na kuuthibitisha kabla ya kupelekwa alasiri kwenye tume iliyokuwa ikichunguza moto ulioteketeza kiwanda. Mpwa alisoma: Kengele ililia. Tulikimbilia mlango wa nyuma. Tulivunja dirisha.

"Mtu akisikia hivyo si atatuona wehu?" shangazi alisema. "Tunaufikia mlango, tunauacha, tunakwenda kujikatakata kwa vioo! Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nilimwambia karani wa chama, akaandika mbele yangu."

Kazi ya mpwa ilikuwa kuhamisha mafaili kutoka kompyuta kuukuu za chama cha wafanyakazi kwenda kwenye mfumo mpya: herufi zilizoharibika njiani azirudishe, sentensi zilizokatika katikati aziunge. Wenzake walimwita Mama Usafi, maana hata nafasi tupu mwishoni mwa mstari ilimkosesha raha. Jina hilo alilipenda. Lakini jana mkuu wa kitengo, kwa haraka zake, aliyaunganisha mafaili yote kuwa moja na kuyapitisha kwenye programu yake mpya ya kusafisha.

Alifungua faili la zamani la shangazi. Sentensi ya mlango ilikuwepo, peke yake kwenye mstari wake, kwani yule karani alikuwa na desturi ya kuandika kila jibu kwenye mstari wake, fupi kama lilivyotamkwa. Akafungua la shahidi mwingine, ikawepo. La mwingine, ikawepo. Karibu wanawake wote walikuwa wamesema maneno yale yale, kwa sababu wote waliusukuma mlango ule ule. Akaitafuta kwenye faili jipya. Ilibaki kwa shahidi wa kwanza tu; kwingine kote programu ilikuwa imeifuta.

Hasira ilimpanda. Watu wameponea chupuchupu, wamekaa mbele ya karani wakakohoa ushahidi wao neno kwa neno, halafu mashine inawafagilia mbali kama makombo mezani! Na huo ndio usafi aliokuwa akisifiwa?

Mkuu wa kitengo alikuja na kikombe chake mkononi. Alisikiliza malalamiko ya mpwa, akatabasamu kwa upole unaoudhi.

"Hakuna kilichopotea. Sentensi ipo kwa shahidi wa kwanza. Programu imeondoa yanayojirudia tu."

"Shahidi wa kwanza ni nani?" shangazi aliuliza.

Mpwa alimtajia.

"Huyo tulishamzika," shangazi alisema. "Mapafu. Sasa wakitaka kumuuliza habari za mlango, watamwendea makaburini?"

Mkuu alitua kikombe.

"Narudia kazi yote kutoka mafaili ya zamani," mpwa alisema. "Nitarekebisha herufi na sentensi zilizokatika, basi. Hakuna mstari utakaofutwa."

"Litakuwa faili refu. Mawakili wa kiwanda watasema hatujui kazi."

"Na waseme! Wewe unaogopa kuonekana hujui kazi, mashahidi wanaogopa kuonekana waongo. Nani ana haki zaidi ya kuogopa?"

Hakuwahi kumsemesha hivyo. Mkuu alimtazama kana kwamba kiti ndicho kilichonena. Mpwa hakungoja ruhusa. Aliyafungua mafaili moja baada ya jingine, akaanza.

Faili jipya lilipokamilika, shangazi alisomewa ushahidi wake akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia mkuu, aliyekuwa bado amesimama pale.

"Ya wenzangu tusomee wewe, mwanangu. Kwa sauti."

Mkuu alisita, akavuta kiti. Alisoma shahidi wa kwanza, akasoma wa pili. Kila mmoja alikimbia, kila mmoja akaukuta mlango umefungwa kwa nje. Alipofika kwa aliyefuata sauti yake ilikuwa imepungua, kisha akaacha kusoma.

"Yanajirudia," alisema, bila kuinua macho.

"Hata kuugonga tuliugonga zaidi ya mara moja," shangazi alisema. "Endelea."