Saa Tisa ya Rilei

Karatasi ilikuwa mezani kwa meneja tangu jana, imebaki saini tu. Ilisema kwamba Jenifer, fundi umeme wa zamu ya usiku, alizima ulinzi wa mtambo bila ruhusa, na ndiyo maana Ndaki, kibarua wa mashine, aliungua mkono juzi. Jenifer akisaini, kazi imekwisha, na jina lake litatembea mbali kuliko miguu yake.

Mama yake, Scola, ndiye aliyekuwa akipika chai pale kiwandani, kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Kasoli. Usiku kucha hakulala. Asubuhi alimvuta binti yake nyuma ya jiko.

"Saini, mwanangu, yaishe. Wakubwa ukibishana nao watakupeleka polisi. Turudi Ngulyati tukalime."

"Mayu," Jenifer akamwita mama yake, "sikuzima mimi."

"Najua. Lakini saini."

Jenifer akasema, "Rilei itasema yenyewe. Ile haina ndugu."

Rilei ni kile kisanduku kilichokaa kwenye kabati la umeme. Umeme ukivuja, kinakata. Tena kina kumbukumbu: nani kagusa nini hakijui, ila saa kilipoguswa kinaandika.

Basi Scola alipoingiza birika ofisini, alimkuta Jenifer amevuta waya kutoka kwenye rilei mpaka kwenye laptopu. Meneja Selestini amesimama nyuma yake. Luhende, msimamizi wa zamu ya mchana, ameegemea mlango, kofia mkononi.

"Mwangaluka," Scola akasalimu.

"Mwangaluka, mayu. Weka hapo," alijibu meneja bila kugeuka.

Mistari ikashuka kwenye kioo. Jenifer akasoma kwa sauti, kidole kikifuata.

"Umeme kukatika, tano na kumi." Wote wakaitikia kwa vichwa, siku ile kiwanda kizima kiliuona umeme ukikatika saa tano na dakika kumi asubuhi. Akashuka mstari wa chini. "Ulinzi wa umeme kuvuja, umezimwa. Sifuri tatu, arobaini."

Akaondoa kidole kwenye kioo.

"Endelea," alisema meneja. "Sifuri tatu ni saa tisa usiku. Zamu ya nani?"

"Yangu," Jenifer alijibu.

"Ndiyo hiyo mashine uliyotuambia haina ndugu," alisema Luhende, ila hakucheka.

Meneja akasogeza karatasi na kalamu. Jenifer akaishika kalamu. Hapo ndipo Scola alipoona kitu kibaya zaidi ya polisi: mtoto wake ameanza kujitilia shaka mwenyewe. Chai aliyokuwa akimimina ikamwagika kwenye sahani.

Scola alisoma darasa la saba, basi. Simu yake huandika saa kizungu, na kila akiitazama huhesabu vidole sita ndipo ajue ni saa ngapi ya watu. Kidole chake kilikuwa kinahesabu sasa hivi, chenyewe.

"Baba meneja, samahani. Mimi wa chai tu. Huo mstari wa juu umeandikwaje?"

"Tano na kumi, mayu. Umesikia."

"Umeme ulikatika nikiosha vikombe vya saa nne. Simu yangu iliandika kumi na moja na kumi. Sasa mashine hiyo, mbona iandike tano? Inahesabu saa ya nani?"

Nje, mtu alikuwa akiburuta robota la pamba kwenye saruji.

Jenifer akaweka kalamu chini. "Mzee Josia, yule fundi," alisema polepole. "Mwaka jana, kabla hajastaafu, alibadilisha betri ya rilei asubuhi. Saa ikafutika, akaiweka upya." Akageuka kwa meneja. "Aliiweka kama anavyoisema mdomoni. Saa mbili, akaandika mbili. Mstari wa kwanza tumeusoma kwa saa zetu kwa sababu tulikuwa tunaijua habari. Wa pili tukausoma kizungu."

"Kwa hiyo tatu na arobaini..."

"Ni saa tatu na dakika arobaini. Asubuhi."

Meneja akamtazama Luhende. Luhende aliizungusha kofia, akaizungusha tena.

"Pamba ilikuwa na unyevu wa mvua," alisema. "Kisanduku kinakata, narudisha, kinakata. Wakulima wamejaa getini wananitukana. Nikasema nikizime kwa muda wa saa moja tu. Nilisahau kuwasha."

"Na karatasi hii ukaiacha iandikwe?"

"Nilipoona karatasi inasema ni zamu ya usiku, nikanyamaza."

Meneja aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Jenifer, rekebisha hiyo saa."

"Kwanza ninakili kumbukumbu yote, mzee. Nikigusa saa sasa, kesho yatakuwa ni maneno ya mtu na mtu."

Scola akachukua birika, akatoka. Jenifer alimkuta jikoni anasugua sufuria iliyokwisha takata.

"Mayu."

"Nilikuambia usaini," alisema Scola. "Wewe ulisema ukweli, mimi mama yako nikakuambia usaini."

"Uliogopa."

"Woga nao unasaini, mwanangu. Kalamu ilikuwa mkononi mwako lakini mimi ndiye niliyekupa."

Jioni alimpelekea Ndaki uji, akamlisha kwa kijiko maana mkono ulikuwa bado umefungwa. Wanawake waliokuwepo wakauliza habari za kiwandani. Scola aliwaambia moja tu: mtoto akisema sijafanya, msimharakishe kuomba msamaha ili nyinyi mlale. Kaeni macho naye kwanza.