Upande wa Kushoto wa Uwanja

Mume wangu, Wendell Pruitt, amekuwa kocha huku magharibi mwa Texas tangu tulipooana, na kwa miaka yote hiyo nyumbani kwangu Jumapili haijawahi kuwa siku ya kupumzika. Tukitoka kanisani anaondoa picha za watoto ukutani, anawasha projekta, na mechi ya Ijumaa inaanza upya, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka maharage yanaungua. Mpira wetu huu wa kushikwa mikononi nimeutazama kuliko wanaume wanaobishana juu yake kwenye duka la vipuri. Wakianza kunielewesha, nanyamaza tu niwaache wajifurahishe.

Kwa hiyo habari ya Abel Escamilla naisema kama nilivyoiona.

Abel alikuwa kwotabeki wetu Wendell alipokuwa kocha wa shule ya Carden. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza. Ana nafasi ya kuvuta pumzi mara moja au mbili, aone mwenzake yupi yuko wazi, amrushie, kabla majitu ya upande wa pili hayajamlalia. Alikuja kwa Wendell akiwa na miaka kumi na minne, mwembamba, baba hayupo, mama yake Ofelia akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Lakini alikuwa na kasoro moja: upande wa kushoto hakuuona. Macho yalikuwa mazima, daktari aliyapima kama anavyowapima wachezaji wote. Ila akibanwa, kichwa chake hakigeuki. Anatazama kulia tu, na hata kama kushoto kuna mwenzake peke yake anapunga mikono, kwake huyo hayupo.

Kasoro hiyo inatibika. Unamsimamisha kijana katikati, unamkataza kukimbia, unamlazimisha kugeuza kichwa shambulizi baada ya shambulizi. Akiwa anajifunza anaharibu, na mnafungwa. Mnafungwa msimu mzima, pengine miwili. Na Carden ni mji ambao Ijumaa jioni maduka yote hufungwa. Kocha akipoteza mechi chache mfululizo, asubuhi anakuta kibao cha "nyumba inauzwa" kimesimikwa kwenye nyasi zake, na si yeye aliyekiweka. Sisi tulisimikiwa mwaka mmoja kabla Abel hajaja. Niliking'oa mwenyewe, majirani wakinichungulia kwenye mapazia.

Basi Wendell akaukata uwanja nusu. Akapanga kila shambulizi Abel akimbilie kulia, na wapokeaji wote, wale wanaorushiwa mpira, wawe huko kulia: mmoja mbali, mmoja kati, mmoja karibu. Mtazame wa mbali, akishikwa mtazame wa kati, akishikwa mpe wa karibu. Basi, hakuna mwingine wa kufikiria. Ulikuwa mpango mzuri kweli, sitasema uongo. Abel akawaka. Mji ukasema huyu kipaji kazaliwa nacho, na kibao hatukukiona tena. Nilipomuuliza Wendell atamfundisha lini kushoto, alisema msimu ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine, ukaisha na huo. Jumapili Abel alikuwa mezani kwetu, anakula, anajitazama ukutani akishinda. Hakuambiwa. Aliamini uwanja mzima ni wake.

Kisha shule ya Dunmore, kubwa kuliko Carden, ikamwita Wendell, tukahama. Abel alibaki na mwaka mmoja wa shule. Kocha mpya wa Carden aliukuta mpango unashinda, akauacha vilevile. Vuli ile, mechi za mtoano zilipofika, Carden wakapangiwa Dunmore.

Ofelia alinipigia simu kunieleza tumaini lililokuwa limembakia Abel. Chuo kimoja kikubwa kilikuwa na nafasi moja ya kwotabeki, masomo na malazi vyote bure. Mtu wao angekuja kwenye mechi hiyo. Akiridhika, Abel anapata. Asiporidhika, kuna kijana wa Oklahoma anayesubiri. Ofelia alikuwa na furaha kwamba ni dhidi yetu. Alisema, "Angalau atakuwa kati ya watu wanaompenda."

Jumapili hiyo Abel alikuwa tena ukutani kwangu, ila sasa kama adui. Wasaidizi wa Wendell walikaa na bakuli za chili, mchuzi wa nyama na pilipili, mapajani. Wendell akasimamisha picha, akaweka kidole kulia mwa ukuta. Akasema vijana wote wenye mbio wakae huku, na kushoto waache wazi.

Msaidizi mmoja akauliza, "Na akirusha huko?"

"Hatarusha," Wendell akasema.

Walipoondoka nilimwambia kwamba mtoto yule amekula kwenye meza hii.

"Nelda, hawa wa Dunmore nao wana mama zao. Wamenipa kazi. Niwaambie nilijua njia ya kushinda nikaificha?"

"Ulijua kuficha ulipokuwa Carden."

Alizima projekta, akaanza kurudisha picha za watoto ukutani, na moja aliitundika kichwa chini.

Ijumaa Abel aliniona kwenye uzio kabla ya mechi, akaja mbio na kofia yake ngumu ya kuchezea mkononi, akanibusu shavuni kama zamani.

"Bi Nelda, nimeyakumbuka maharage yako."

"Yanaungua bado."

"Ndiyo nilivyoyazoea. Mwambie Kocha leo asilie mbele za watu."

Nilimwambia akamwambie mwenyewe. Alicheka akarudi kwa wenzake. Nami nikaenda kuketi.

Shambulizi la kwanza alikimbilia kulia, akakuta ukuta wa watu. La pili, vilevile. Alirudi nyuma, akazunguka, akatafuta tena kulekule kulia. Kushoto alikuwa amekimbilia mwenzake mmoja ambaye hakuna aliyemkaba, anaruka na mikono juu kama mtu anayezuia lori barabarani. Mimi nilikuwa nimekaa na wake wa makocha wa Dunmore, nimevaa rangi za Dunmore, na moyoni nasema kushoto, mwanangu, kushoto. Alirusha kulia, mpira ukadakwa na watu wetu wa Dunmore. Baadaye ukadakwa tena. Wenzangu waliinuka kushangilia, nami niliinuka, maana mke wa kocha akikaa watu wanaona.

Robo ya tatu ya mechi mtu wa chuo alifunga kabrasha lake, akashuka ngazi, akaenda kwenye gari. Ofelia alimtazama mpaka taa za gari zikatoka uwanjani. Wanaume wa Carden, walewale waliosema kazaliwa nacho, walikuwa wanampigia kelele mtoto wa watu atolewe.

Mechi ikiisha huku kwetu, timu mbili zinapanga mistari na kupishana, kila mmoja anampa kila mmoja mkono. Nilishuka mpaka kwenye uzio. Abel alipomfikia Wendell alisimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama.

"Kocha, kushoto mliacha wazi. Ulijua huku sioni?" Aliinua mkono wa kushoto kidogo.

Wendell angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

Abel alitazama nyasi. "Nilidhani mimi ni mzuri."

"Ulikuwa mzuri, mwanangu."

"Mpango ndio ulikuwa mzuri, Kocha."

Akampa mkono, kwa kuwa Ofelia kamlea vizuri, akasogea kwa anayefuata. Wendell aliendelea kupeana mikono na vijana wengine bila kuwaona nyuso.

Jumapili projekta haikuwashwa. Wendell aliniambia niingie garini nilivyo, na viatu vya kanisani, tukaendesha kati ya mashamba ya pamba iliyokwisha kuvunwa mpaka Carden. Abel alitoka kwa sababu mama yake alimwambia atoke. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Wendell aliniweka kushoto, mbali kidogo, akaniambia ninyooshe mikono. Kulia aliweka pipa la taka. Kisha akachukua mto wa mazoezi, ule wanaougonga wachezaji, akamwambia Abel asimame katikati na asikimbie.

Alimwendea na mto. Kichwa cha Abel kilikwenda kulia, akapiga pipa katikati. Tena. Pipa. Wendell akasema, "Mtafute Nelda." Safari iliyofuata Abel aligeuza kichwa kushoto kabla hata hajashika mpira vizuri, na mpira ulianguka mbali na mimi. Mwingine ulipita juu yangu. Ndipo Wendell akamwambia arudi kulia, apumzishe kichwa. Abel akarusha kulia, ule mrusho aliokuwa nao tangu utoto, na akalikosa pipa. Akarusha tena, akalikosa tena.

Alibaki ameshika mpira. "Sasa hata kulia sikuoni."

"Kutarudi," Wendell akasema. "Uwanja mzima utakuja. Inahitaji msimu mmoja tu, Abel. Pengine miwili."

"Sina msimu mwingine, Kocha. Wangu wa mwisho uliisha Ijumaa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo nisilomsamehea mume wangu, kwamba hata hasira hakumbakizia. Aliuweka mpira chini miguuni mwa Wendell, taratibu, akaelekea getini. Wendell hakumwita. Alisimama na mto wake kifuani.

Abel alipita upande wangu. Nilikuwa bado nimenyoosha mikono, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niishushe, wala hakuna mtu aliyekuwa ananikaba. Alipita hatua chache kutoka nilipo, macho mbele, kama vile sipo, akaenda zake.