Mke wa Mpweke wa Kaskazini

Mpweke wa Kaskazini alikuwa na mke. Mashabiki wake wa mtandaoni hawakulijua hilo, naye hakuona haja ya kuwasumbua nalo. Walichokiona kwenye simu zao ni mwanamume mmoja juu ya pikipiki, kitambaa usoni, akiikata barabara isiyo na chochote ila mawe na upepo. Wasichokiona ni pikapu iliyomfuata nyuma, nje ya picha, imebeba maji, mafuta, hema, godoro la bwana mkubwa asiyeweza kulala chini, na mke anayeiendesha.

Mke huyo alikuwa fundi cherehani. Alifunga duka katikati ya msimu wa sare za shule, wazazi wa wanafunzi wakamsema wee mpaka wakachoka, kwa sababu mumewe alimwapia jambo moja: wakifika kituo cha mwisho cha mafuta, mashabiki watakapokuja kumpokea, atamshika mkono mbele ya kamera na kusema, "Huyu ndiye mke wangu. Bila yeye nisingefika." Miaka yote ya ndoa hajawahi kusikia maneno kama hayo. Alijidharau kwa kuyatamani, lakini aliyatamani.

Basi akavumilia vituko. Alfajiri anachemsha chai, kisha anafukuzwa akajifiche nyuma ya jiwe ili shujaa aonekane anakunywa peke yake.

"Ndugu zangu, hapa ni mimi na barabara tu," Mpweke anaiambia kamera kwa sauti nzito ambayo nyumbani hana. Halafu anageuka, sauti imerudi ile ile ya siku zote: "Bibie, sogea basi, kivuli chako kinaingia!"

Siku pikipiki ilipopata pancha, mke alifungua tairi, akaliziba, akalirudisha. Mume akajipaka grisi mikononi na mashavuni, akajipiga picha, na watu wakamsifu mpaka usiku. Mashavuni! Fundi gani anaziba pancha kwa mashavu?

"Hivi aibu huna?" mke alimwuliza.

"Ni kazi hii, bibie. Vumilia kidogo, tunakaribia."

Kituo cha mwisho kilikuwa pampu mbili na mgahawa wa viti vya plastiki. Kundi la vijana lilikuwa likimngoja, simu juu. Walimshangilia, wakambeba juu juu. Mke aliegesha pembeni, akajikunja nyuma ya usukani na kuvaa gauni alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, akashuka, akaja kusimama karibu.

Msichana mmoja akamwona. "Na huyu dada ni nani? Mbona alikuwa anakuja nyuma yako?"

Mpweke alimtazama mkewe, kisha akazitazama zile simu.

"Aa, huyu? Dereva tu. Tumekutana njiani, nikamsaidia kidogo."

Nikamsaidia!

Mke alitamani kupiga kelele. Lakini alipomwangalia vizuri yule mtu aliyening'inia mabegani mwa watoto wa watu, akaona hafai hata kutukanwa. Alirudi kwenye pikapu, akashusha begi la nguo za mumewe, akaliweka kando ya pampu, akawasha gari.

"Dada, mjini ni huku!" muuza mafuta alimwonyesha.

"Najua," alisema, akaelekea kaskazini, lami inakoishia.

Alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akala biskuti zote za mumewe, zile alizokuwa akikatazwa kuzigusa. Simu ikaita.

"Mke wangu, uko wapi?" Alikuwa ananong'ona, bila shaka amejibanza nyuma ya choo. "Wanataka kunirekodi nikilala porini. Hema liko kwako, mke wangu, na maji!"

Mke wangu, mara mbili kwa mpigo.

"Umekosea namba, kaka," alisema. "Hii ni ya dereva."

Akakata simu, akabadilisha gia.