Tambiko la Murielle

Denise alikwenda kumrudisha mwanawe nyumbani, si kutambika. Fundi cherehani mhamiaji wa Marshalltown, huku ughaibuni, mwanakwaya, mama wa watu: angetafuta nini nyuma ya nyumba ya Wazungu wanaoabudu miungu ya kale ya Ulaya ya kaskazini? Lakini Murielle, mwanawe wa pekee, alikuwa amehamia kwao tangu Krismasi, na simu hapokei.

Mwenye nyumba alimkaribisha kwa adabu iliyomkera zaidi. Akamweleza kwamba majira ya baridi yakikaribia wao huwaita disi, roho za wanawake wa ukoo waliotangulia. Pembe yenye pombe ya asali huzungushwa. Kila mtu humtaja bibi yake marehemu, hunywa, kisha humwagia marehemu huyo fungu lake chini.

Wakataja. Bibi mkulima, bibi mkunga, hata bibi mmoja aliyemtilia mumewe sumu; huyo wakamchekea kwa mapenzi. Denise akawatazama wakicheka. Kumbe bibi zao ni urithi, mama yake yeye ndiye shetani! Mchungaji wake alikuwa amemwambia kwamba mama huyo, Nabintu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mchawi, na ndiye aliyemfungia riziki kutoka huko kwao Bukavu. Naye akaamini. Akaichoma picha pekee aliyokuwa nayo ya mama yake, na Murielle mdogo alipouliza bibi yake anaitwa nani, akamzaba kofi.

Pembe ikamfikia Murielle.

"Denise," akasema.

Mwenye nyumba akamnong'oneza kwamba hutajwa waliokufa tu.

"Sina mwingine," Murielle akajibu kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia mama yake na kujikongoja kwa Kiswahili, ambacho hakuwa amekisema tangu utotoni: "Maman, unipatie jina moja. Moja tu, nitarudi nyumbani."

Jina lilikuwa pale pale mdomoni. Denise alitaka litoke, Mungu anajua alitaka. Lakini akilitaja, itakuwa alimkana mama yake miaka yote ile bure, na picha ile aliichoma bure. Hilo hakuweza kulibeba.

"Ile ni mambo ya shetani," akasema. "Mi siko na jina."

Murielle akatikisa kichwa kukubali, wala hakukasirika. Akanywa. Kisha akainama, akamwaga fungu la mama yake kwenye nyasi, taratibu, mpaka pembe ikawa tupu.