Mkiani mwa Mstari wa Maji

Mistari miwili ilinyooka katika uwanja wa soko la Kathonzweni, mmoja wa maji ya bomba, mwingine wa mulika mwizi, ile taa ndefu ya kuangaza soko zima. Mwaka huu kaunti ilikuwa na fedha za kazi moja tu, na wananchi wenyewe ndio wa kuamua. Kila mtu alimshika bega aliye mbele yake, asije mjanja akahesabiwa huku na kule.

"Mmelingana!" Yvonne, msimamizi wa wadi, alitangaza kwa kipaza sauti. "Nani hajapanga mstari? Na aliyepanga asisogee. Akisogea, hahesabiwi!"

Macho yote yakamgeukia Kalunde, aliyeketi peke yake juu ya kreti ya soda.

Maji aliyataka, wacha tu! Tangu punda wake afe, yeye ndiye aliyekuwa punda, akipandisha mitungi kutoka mtoni huku magoti yakimlilia. Lakini mkiani mwa mstari wa maji alisimama Musembi, mume wa bintiye Kathini. Na kwa Wakamba, mama mkwe na mkwewe hawagusani. Hata kutazamana usoni ni kukosa haya. Miaka yote hiyo salamu zao zilipitia kwa watoto.

"Kalunde, njoo kwetu!" Halima muuza chai alimwita kutoka mstari wa taa. "Huku hakuna mkwe, dada!"

Uwanja ukaangua kicheko. Musembi akainamisha kichwa kama aliyevuliwa shati mbele za watu.

Kalunde akainuka. Hakujua miguu ilimfikishaje pale nyuma ya mkwewe, ila mkono ulikataa, ukabaki unaning'inia hewani.

"Bega, nyanya!" Yvonne akahimiza. "Bila bega sihesabu!"

"Shika, mama," Musembi alinong'ona bila kugeuka. "Hata Kathini anayangoja maji haya."

Akashika. Bega lilikuwa la moto, tena lilitetemeka. Kumbe naye alikuwa akiogopa, siku zote hizi! Kicheko kikamtoka Kalunde, chembamba, cha kisichana.

Yvonne alipita akihesabu, na kabla hajafunga kinywa vigelegele vikapasuka. Maji! Kofia zilirushwa juu, watu wakakumbatiana ovyo. Upande wa taa ukapaza sauti: irudiwe, irudiwe!

"Mama," Musembi akasema, macho yake bado mbele, "naweza kwenda sasa?"

"Simama hapo hapo," Kalunde akajibu, akikaza vidole. "Wakirudia je?"