Zamu za Bi Mwatum

Bwana Ngwali Bakar alikuwa na wake wawili na chama kimoja, na chama ndicho alichokipenda zaidi. Mwaka wa hamsini na saba aligombea kiti cha Baraza la Kutunga Sheria, akaanguka kwa kura chache. Sasa umefika uchaguzi wa sitini na moja, na wanawake nao watapiga kura. Ngwali alikwishajihesabia wote, hata wasiomwamkia njiani.

Alihamia Shumba kwa mke mdogo, Kijakazi, maana huko wapinzani walikuwa wengi. Siku ya ishirini akarudi kwao Ole kuhutubia, koti limenyooka, hotuba mfukoni. Wanaume walijaa. Mwanamke hakuonekana hata mmoja.

Akenda nyumbani moto moto. Uani, juu ya jamvi, mke mkubwa, Bi Mwatum, na wanawake kama thalathini walikuwa wakichambua karafuu, vidole vyaenda na midomo yaenda.

"Bi Mwatum, mbona hamkuja mkutanoni?"

"Karibu, mgeni. Jamani, mpeni mgeni maji."

"Mimi mgeni?"

"Siku ishirini, bwana! Mume wa wake wawili hulala upande mmoja kwa sheria ya wapi?"

"Zamu zako nitakulipa, wallahi. Uchaguzi ukisha."

Wanawake walicheka mpaka karafuu zikamwagika. Bi Moza, jirani asiyekopesha maneno, akadakia: "Yakhe, na barabara uliyotuahidi ni uchaguzi ukisha? Basi hatuipati. Mkeo humtimizii, sisi utatukumbuka wapi?"

Ngwali aliziona kura thelathini zikiondoka na kiti chake cha Baraza. Lakini kesho ulikuwepo mkutano mkubwa Shumba, na wakuu wa chama wanavuka kutoka Unguja. Akikosa, watanuna. Akenda, Ole imekwisha. Akavua koti, akakaa jamvini.

"Mwambieni katibu wangu Nassor ahutubie yeye huko Shumba. Mimi nina zamu."

Akaanza kuchambua. Makonyo, vile vijiti vinavyobaki, akatia kwenye karafuu, karafuu akatia kwenye makonyo.

"Huyu akifika Barazani," alisema Bi Moza, "sheria atazitupa, atuletee makonyo!"

Naye Ngwali akacheka, jambo ambalo chama hakikuwahi kumruhusu. Siku zote ishirini za deni alikaa Ole akachambua, nao wakamweleza habari za mkunga aliye mbali na skuli isiyo na madawati. Hakuhutubia hata mara moja. Hotuba ilipotea, na hakuna aliyeitafuta.

Kijakazi alipopata habari kule Shumba alisema, "Alhamdulillahi, na akae. Huyu hata ukimpa mchuzi anaushukuru kwa hotuba."

Matokeo yakatoka: Ngwali kashinda kwa kura ishirini na saba. Watu wakambeba mabegani hadi mlangoni kwa Bi Mwatum.

"Na wewe ulinipa?" aliuliza akiwa bado juu.

"Kura ni siri, bwana. Wametwambia wenyewe kituoni."

Akamuuliza tena wakati wa chakula, na asubuhi, na bandarini Wesha akipanda chombo. Siku ya kuapishwa kule Unguja, mheshimiwa alisimama mbele ya wenzake amenyooka kama mnara, moyoni anazipiga hesabu zile kura, na ya mkewe hajui aiweke upande gani.