Vidole vya Bwana Mganga

Biasha alikuwa ameshamwaga vyungu vya mkojo na kuwasha moto wa uji alipoliona kosa kwenye ukili. Bibi Riziki alisuka kila siku, akikaa kwenye ngozi yake karibu na mlango wa nyumba ya wazee, na kambi nzima iliujua mkono wake. Ukindu mweusi, mweupe, mwekundu, halafu mweusi tena, bila kukosea tangu ujana wake kule Magara. Asubuhi hiyo mwekundu ulikuwa umeingia mahali pa mweusi, si mara moja tu, na bibi alikuwa akiendelea kusuka kwa utulivu kama mtu anayefanya kazi nzuri.

Biasha alichuchumaa, akashika uzi mmoja wa ukindu na kumuuliza ulikuwa wa rangi gani. Bibi Riziki aliusogeza karibu na pua, akaugeuza huku na huku.

"Mweusi," akasema.

Ulikuwa mwekundu. Biasha alijua jinsi vitu hivi vinavyoanza, kwa sababu alikwisha kuviona kwa Mzee Swedi. Kwanza rangi hupotea, kisha mtu hulalamika kwamba moshi umejaa ndani wakati moto umezimwa, na baadaye huanza kutembea akipapasa ukuta.

Wazee wote wa nyumba ile walikuwa wagonjwa wa malale. Wadachi waliwakusanya kutoka pwani yote ya ziwa, wakawapapasa tezi za shingo, wakawavika vibao vya namba na kuwaweka kambini nje ya Rumonge. Wenye nguvu walikaa mabanda ya chini na kufyeka majani ya ziwani ili mbung'o wakose pa kukaa. Wasiojiweza waliwekwa nyumba moja, na Biasha akaajiriwa kuwapikia, kuwaogesha na kuwaweka mstarini siku za sindano. Kazi hiyo aliitaka mwenyewe, kwa sababu Bibi Riziki alikuwa humo. Mama yake Biasha alipokufa, bibi huyu alimchukua na kumlea, wala hakuwa ndugu yake wa damu.

Dawa ile ilikuwa nyeupe kama maji, na wote walijua kwamba huwainua wengine na kuwala wengine macho. Bwana Mganga, daktari wa Kidachi, naye alijua. Ndiyo maana aliamuru kwamba kabla ya sindano kila mgonjwa aonyeshwe vidole kutoka mlangoni, aseme ni vingapi. Asiyeona asichomwe. Amri nzuri kabisa, ungesema, imetungwa na mtu mwenye huruma. Lakini amri ilikuwa na mkia. Asiyechomwa si mgonjwa wa kambi, na asiye mgonjwa wa kambi hana posho. Alitakiwa arudi kwao. Kwao Bibi Riziki kulikuwa Magara, na vijumba vya Magara vya karibu na maji vilikuwa vimechomwa moto kwa amri hiyohiyo ya kufukuza mbung'o.

Basi wazee wakala njama. Aliyeanza ni Mzee Swedi, aliyekuwa zamani mpiga ngoma wa mitumbwi ya wafanyabiashara, mtu wa kusikiliza kuliko kutazama. Alimwambia Biasha kwamba siku za sindano Biasha husimama pale mlangoni kwenye chungu cha maji, akiwapa wagonjwa wanywe, na kata yake ikigonga ukingo wa chungu hakuna wa kushangaa. Vidole viwili, gonga mara mbili. Biasha alikubali kwa huruma. Wiki zile Mzee Swedi alikula, alinenepa kidogo, na akapofuka kabisa. Baada yake wengine watatu wakaomba wagongewe.

"Leo utanigongea na mimi," Bibi Riziki alisema, akiendelea kusuka. "Kama unavyomugongea Swedi."

"Bibi, ile dawa itakumaliza macho yote."

"Macho ya kuona nini? Nyumba wameichoma. Mutoto wangu nimemuzika. Sahani nitaiona kwa mukono."

Biasha aliingiza mwiko kwenye uji, akakoroga kwa hasira mpaka ukamwagikia majivuni. Alimkasirikia bibi, akajikasirikia mwenyewe, na hasira ikabaki hapohapo kwa kuwa wenye kustahili hasira hawakuwa karibu.

Kabla jua halijakaza alimfuata Assumani nyuma ya banda la dawa. Assumani ndiye aliyeshika sindano kambini na kutafsiri maneno ya Bwana Mganga, kijana wa Kiislamu wa Usumbura, kanzu yake nyeupe imeungua pindoni kwa moto wa kuchemshia sindano. Alikuwa akichemsha hata sasa. Biasha alimsihi ampunguzie Bibi Riziki. Alimwambia kwamba bibi ni mifupa mitupu, kwamba kipimo anachochomwa mvuvi wa kule Kizuka mwenye mabega mapana ndicho hichohicho anachochomwa kikongwe, na kwamba hata pilipili hapimiwi mtoto sawa na mtu mzima.

"Chupa inahesabiwa, dada," Assumani alisema kwa sauti ya chini. "Ikibaki dawa, Bwana Muganga atauliza nani nimemuhurumia. Huruma hapa iko na viboko vyake."

"Basi mwambie yeye."

"Mimi ndiye nimwambie? Mimi ni wa kushika sindano." Alitoa sindano majini kwa koleo, akaipuliza. "Na ile chungu yako, mimi niko na masikio. Nyamaza, na mimi nitanyamaza. Leo anakuja mwenyewe."

Biasha alirudi nyumba ya wazee roho mkononi. Kwa kawaida Assumani ndiye aliyeinua vidole, akiviinua upesiupesi kama mtu anayetaka kumaliza. Bwana Mganga mwenyewe alikuwa haji ila kwa nadra, kwa mashua ya serikali kutoka Usumbura.

Alikuja mchana, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu na kofia ngumu, akitembea polepole kwa sababu ya joto. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti mlangoni, akainamia meza ya sindano, akaanza. Biasha alisimama kwenye chungu kama siku zote. Mwanamke wa kwanza aliona vizuri, akajibu, akachomwa. Akaitwa Mzee Swedi.

Bwana Mganga aliinua vidole vinne. Biasha aliteka maji, kata ikagonga ukingo, akamwaga, akateka tena, ikagonga. Milio ilitoka minne, iliyopangika.

"Ine," alisema Mzee Swedi, kichwa juu, kwa sauti ya mtu anayetazama mlima kwa mbali.

Akachomwa. Wengine wakafuata, na Biasha akagonga palipotakiwa kugongwa. Jasho lilimshuka mgongoni. Kila sindano iliyoingia kwenye mkono wa kipofu aliihisi kama imeingia mwilini mwake. Zamani alijiambia kwamba anawalisha. Leo, mtu aliyemlea akiwa nyuma ya foleni, hakuweza tena kujidanganya.

Bibi Riziki akafika mbele ya kiti. Alikuwa amejifunga kitenge chake cha siku kubwa, na kibao cha namba amekipangusa mpaka kinang'aa. Bwana Mganga aliinua vidole vitatu.

Kata ilikuwa imezama majini. Biasha aliishika kwa nguvu, asiinue.

Bibi aliinamisha kichwa upande wa chungu, akisubiri. Assumani alimtupia Biasha jicho. Nzi walisikika juu ya beseni. Bibi alisubiri tena, na Biasha akaona uso wa yule mwanamke ukikunjamana taratibu, akielewa kwamba ameachwa.

"Tatu," akasema Bibi Riziki.

Alikuwa amebahatisha. Assumani alishusha pumzi, akavuta dawa kutoka kwenye chupa mpaka mstari uleule wa siku zote, akamshika bibi mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba vidole vyake viliuzunguka na kupitana.

"Haoni," Biasha alisema.

Hakupanga kusema. Yalimtoka tu, na yakishatoka hayarudishwi.

"Haoni, Bwana. Amebahatisha. Musimuchome."

Assumani alishikilia sindano hewani mpaka Bwana Mganga alipomuuliza mwanamke huyu anasema nini. Akatafsiri. Bwana Mganga akataka kujua mhudumu amejuaje, na hapo Biasha ndipo alipotambua alichokifanya. Alikuwa amemfikiria Riziki peke yake. Hakuwa amewafikiria wale wengine hata kidogo. Alitafuta uongo wa kujifichia, asiupate, na macho ya Bwana Mganga yakatua kwenye kata, kisha kwenye chungu. Mtu yule hakuwa mjinga.

Alitoa kitambaa chake cheupe mfukoni, akakitupa uani palipokuwa na jua, akaamuru kila mzee aende akakiokote. Wanne walikiokota. Mzee Swedi alitembea kwa heshima zake zote, mgongo wima, akakipita kitambaa akakikanyaga, akaendelea mpaka alipogonga ua wa matete. Hakuna aliyecheka. Bibi Riziki alikataa kabisa kwenda. Alisema yeye si mbwa wa kuokotea watu vitambaa.

Bwana Mganga aliongea kwa muda, kwa upole, kama mtu aliyemaliza kazi vizuri. Assumani alitafsiri. Kuanzia leo wote watano hawatachomwa tena, kwa sababu dawa itawala na kile kidogo kilichobaki. Biasha alihisi kifua kikifunguka. Karibu amshukuru. Halafu Assumani akapunguza mwendo wa maneno. Hapa ni mahali pa kutibu, Bwana Mganga amesema, si mahali pa kulisha wazee. Wasiotibiwa warudishe vibao leo hii na watafute ndugu zao. Mwanamke wa chungu aondoke pamoja nao. Kisha Assumani akameza mate, maana maneno yaliyofuata yalimhusu yeye, na ilimbidi ayatafsiri vilevile, mbele ya wagonjwa wake, akiwa amesimama wima: mshika sindano aliyesikia na kunyamaza atachapwa viboko ishirini na tano.

Biasha alimtazama akitamani ardhi impasukie. Assumani hakumtazama. Alikuwa akikausha sindano kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu uleule.

Mbaraka, nyapara wa kambi, alikuja kuvua vibao. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alikata kamba shingoni kwa kisu kidogo, akivirundika vibao kwenye kikapu, na kumpa kila mmoja pole. Alipoondoka, Biasha aliketi karibu na Bibi Riziki, akajaribu kumshika mkono. Bibi aliuondoa.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema. "Sasa niko na nusu ya macho na njaa nzima."

"Bibi, sikuweza kukuona ukipofuka."

"Kwa hiyo utaniona nikikufa." Alitafuta ukili wake kwa mikono, akaupata, akaukunja. "Ulitaka roho yako itulie. Imetulia?"

Haikuwa imetulia. Biasha alilia, na bibi hakumnyamazisha.

Kengele ya posho ililia. Kule chini, kwenye banda la chakula, watu wa mabanda yote walianza kujipanga na vyombo vyao, na harufu ya maharage yenye mawese ikapanda mpaka nyumba ya wazee. Wale wanne wenye vibao walichukua bakuli zao wakaondoka kwa aibu. Watano walibaki wamekaa, nyuso zimeelekea kunakotoka harufu.

Biasha alifuta uso kwa kitenge. Alimwaga maji yaliyobaki kwenye chungu, akakikumbatia kwa mkono mmoja, akashika kata kwa mkono wa pili, akatoka uani. Aligonga ukingo mara moja. Sauti ya chungu kitupu ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia.

"Muzee Swedi," akaita, "chukueni bakuli. Mufuate hii."

Mzee Swedi aliinuka wa kwanza, kama aliyekuwa akingoja. Wengine wakashikana mashuka nyuma yake. Biasha aliteremka akigonga kila baada ya hatua chache, akisimama penye mawe mpaka wote wapite. Hakuthubutu kugeuka kuona kama Bibi Riziki amekuja.

Mbaraka aliwaona wakifika mbele ya foleni, akasimama na kopo la kupimia mkononi. Alisema hawa hawana vibao, warudi, yeye hana la kufanya, asije naye akachapwa kwa ajili ya watu wasio wake. Alisema pia kwamba njia ya kutoka kambini iko kule, akionyesha kwa kidole.

Mkono mwembamba ulipita kando ya Biasha, ukapapasa hewani mpaka ukagusa ukingo wa sufuria ya maharage. Alikuwa ni Bibi Riziki. Kwenye kona moja ya jicho bado kulikuwa na mwanga, na huo ndio uliomfikisha.

"Mimi njia siioni," alimwambia Mbaraka. "Aliyenitia giza kwa sindano anifikishe yeye." Akakaa chini mbele ya sufuria, bakuli mapajani. Mzee Swedi, aliyemsikia akikaa, naye akakaa.

Foleni ikasimama. Nyuma yao walikuwapo wavuvi wenye mabega mapana, watu wa shoka na panga, kila mmoja na kibao chake shingoni na njaa yake tumboni. Mbaraka aliwaambia wawapite, chakula kinapoa. Ili kufika kwenye sufuria ilikuwa lazima uwaruke wazee. Mvuvi wa mbele alitazama bakuli lake, akamtazama bibi, akabaki pale alipo. Wa nyuma yake naye akabaki. Huko juu, mbele ya banda la dawa, askari walikuwa wameanza kuita jina la Assumani.

Mbaraka alikuwa bado ameshika kopo, hateki wala haliweki chini. Biasha aligonga chungu tena, kwa kuwa mmoja wa wale watano alikuwa angali njiani.